Marehemu Anakunywa Uji

Jumapili, 9 Aprili 1995

Daktari Nyaberi amenikataza chumvi, mafuta, maziwa ya mursik yaliyogandia kibuyuni, kupanda mlima, kubeba kikapu cha chai na kugombana. Chumvi nitaacha. Mursik nitaacha kwa uchungu. Lakini mtu aliyefundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini hawezi kuambiwa aache kugombana, kwa hiyo nimeamua kugombana humu. Daktari alikataza mdomo. Kalamu hakuitaja.

Nimerudi nyumbani jana. Ua wangu umekanyagwa mpaka nyasi zimekufa, jikoni kuna masufuria ya kanisa ambayo hakuna aliyekumbuka kuyarudisha, na vikombe vyangu vya wageni vimepungua. Nilimuuliza mwanangu Kipruto hapa palikuwa na sherehe gani. Akatazama viatu vyake. Yalikuwa matanga. Matanga yangu mimi.

Nitaandika kwa utaratibu. Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, nilikuwa kwenye kituo cha kununua majani nikibishana na karani aliyesema chai yangu imechumwa vibaya. Mtu ambaye hajawahi kuchuma hata mchai mmoja ananifundisha mimi kanuni ya kuchuma majani mawili na kichipukizi. Nilikuwa katikati ya kumweleza yeye ni mtu wa namna gani pale kifua kiliponibana. Si kuchomwa, ni kubanwa, kama ng'ombe amenilalia. Mkono wa kushoto ukafa ganzi, taya likauma, jasho likanitoka na huku kuna baridi ya mvua. Nikaanguka juu ya kikapu changu. Wakanipakia kwenye lori, nikafika hospitali ya misheni nimelazwa juu ya chai ya watu wengine. Yangu waliiacha chini.

Dereva wa lori hilo ni Ondieki, kijana mzuri wa usukani ambaye kichwa anakitumia kuvalia kofia. Hospitalini mvua ilikuwa inamwagika. Ili kunivusha ua hadi wodini bila kulowa, wauguzi walinifunika turubai kuanzia utosini hadi vidoleni. Ondieki alikuwa kando ya lori lake, akaona machela inapita na mtu aliyefunikwa uso. Akavua kofia, akawasha lori, akaondoka. Hakuuliza muuguzi. Hakuuliza hata askari wa lango. Kufika jioni nilikuwa nimeshakufa kuanzia Sotik hadi kwetu, na kuna mama mmoja aliyesema ameiona maiti kwa macho yake.

Kesho yake Kipruto alikuja na pikapu ya kukodi na shuka jeupe kunichukua. Akanikuta nimeketishwa, na muuguzi ameshika kijiko.

"Mama," alisema, "unakunywa uji?"

"Ulitaka ninywe nini?"

Akaketi sakafuni akalia. Muuguzi alisema ni furaha.

Jambo jema ni moja tu. Usiku ule niliokufa, Chelangat mke wa Kipruto alijifungua nyumbani, na ni msichana. Mimi nilizaa huyu Kipruto peke yake, naye amezaa wavulana watupu. Nimemngoja msichana katika nyumba hii tangu nilipoolewa. Sasa yupo, juu ya kilima ng'ambo ya kijito, nikisimama uani naona moshi wa jiko lao. Nataka kumpakata. Sitaki kingine. Jana hakuletwa. Leo hakuletwa. Kipruto anasema ni mvua.

Jumanne, 11 Aprili

Mvua. Uji usio na chumvi. Mtoto hajaletwa.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Wamekuja kunitazama. Shemeji yangu Robert, mzee wa kanisa, aliongoza msafara wa akina mama wa ushirika. Waliomba kwa muda mrefu kuliko ugonjwa wenyewe. Kisha wakanywa chai, ya sukari na maziwa, mimi nikinywa ya rangi kama mfungwa, na kila mmoja akanikodolea macho juu ya kikombe. Nimewafundisha watoto wao kuhesabu na kusoma. Hawakunitazama kama mwalimu. Walinitazama kama mtu aliyechelewa basi na sasa anawasumbua wenye nyumba.

Wa mwisho kuingia alikuwa wifi yangu Chepchirchir, dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Alikuwa amevaa koti langu la kijani.

"Koti zuri," nikamwambia.

"Nilipewa, siku ile."

"Lilikuwa langu."

"Eeh," akasema, "lilikuwa."

Akaketi nalo.

Nilipouliza kuhusu mtoto, wote walianza kuongea mara moja, huyu bei ya mahindi, huyu kwikwi ya ng'ombe wake. Sijawahi kusikia wanawake wengi wakijali kwikwi ya ng'ombe namna ile.

Jumatatu ya Pasaka, 17 Aprili

Sasa najua. Ameniambia Bilhah Nyamusi, jirani yangu Mkisii anayeuza ndizi soko la Sotik. Bilhah huanza kila umbea kwa kuapa kwamba yeye si mmbea, na ninamvumilia kwa sababu hukosea mara chache. Alikuja kunitembeza, maana daktari ametaka nitembee kwenye tambarare kila siku. Tulipofika kwenye mti wa mkaratusi akasimama.

"Mwalimu, mimi si mtu wa maneno mingi. Lakini hii wanakuficha si poa. Hiyo usiku mtoto alizaliwa, mimi nilikuwa hapo, nilienda kusaidia na maji moto. Wamama wakaanza ile kitu yenu ya kuita majina."

Nilijua anachosema. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake wazee humwitia majina ya waliokufa wa ukoo wa baba, mmoja mmoja. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Walokole wote hawa. Mchana wanakemea mambo ya kale, giza likiingia wanatafuta ugoro wa kumtia mtoto puani.

"Wakaita wote," Bilhah akaendelea. "Mtoto amenyamaza tu, hata na ugoro. Chepchirchir amechoka. Akasema, jamani, na si kuna mwenye ametuacha leo? Akaita Elmina, jina lako. Mwalimu, hiyo chafya! Hata mimi nilishtuka. Wakapiga vigelegele na huku wanalia. Asubuhi Kipruto ndio huyo na pikapu, jioni amerudi na shuka peke yake."

Nikaketi kwenye jiwe.

Hivyo ndivyo ilivyo. Jina lililopigiwa chafya halirudishwi. Ukilitoa, wanasema, umemfukuza mtoto. Na mwenye jina sharti awe ameshaenda, kwa sababu mtu hakai mahali pawili. Kwa akili yao, mimi na mjukuu wangu tukitazamana, mmoja wetu ataondoka. Na kwa kuwa mimi nimeshaondoka mara moja, wanaona ni haki nikamalizie.

Ninawadharau wote. Namdharau Ondieki kwa kofia yake, namdharau Chepchirchir kwa ugoro wake, namdharau Robert ambaye lazima alisikia vigelegele vile akajifanya amelala. Namdharau zaidi Kipruto, niliyemsomesha mpaka akawa karani wa shamba la kampuni, na bado ameogopa pua ya mtoto mchanga.

Jumanne, 25 Aprili

Kikohozi kidogo. Mvua ya mchana kama kawaida, saa nane, kama imeajiriwa.

Jumatano, 3 Mei

Kipruto huleta maziwa jioni. Huyaweka mlangoni na kusimama huko nje kama muuzaji. Leo nilimwambia aingie. Akaingia hatua moja.

"Lini mtaniletea mtoto?"

"Senge amesema tungoje kidogo." Senge ni shangazi, yaani Chepchirchir.

"Mnangoja nini?"

Akasogeza kopo la maziwa kwa mguu.

"Kipruto, nimekuuliza mnangoja nini."

"Si kungoja hivyo, Mama."

"Kuna kungoja kwa namna ngapi?"

Akasema maziwa ni ya asubuhi, niyachemshe. Kisha akaondoka. Moyo ulinienda mbio, nikaweka kidonge chini ya ulimi na kulala chali, nikiwaza kwamba nikifa usiku huu nitakuwa nimewafurahisha. Wazo hilo lilinituliza kuliko kidonge. Siwezi kuwapa raha hiyo.

Jumatatu, 8 Mei

Kliniki. Daktari Nyaberi amenifunga nyaya kifuani, mashine ikachora milima yake. Amesema sehemu moja ya moyo imekufa na haitarudi, ila iliyobaki inafanya kazi vizuri, na ninaweza kuishi miaka mingi nikisikia anachoniambia. Yeye ndiye mtu pekee aliyeniambia neno "kuishi" mwezi huu.

"Unakasirika, Mwalimu?"

"Naandika."

"Vizuri. Na kuna kitu kinakusumbua nyumbani?"

Nikamuuliza kama ana dawa ya ujinga. Akasema hiyo iliisha stoo kabla yeye hajaajiriwa. Kwa kijana, si mjinga sana.

Jumapili, 14 Mei

Nilikwenda kanisani. Niliketi kwenye benchi langu la siku zote na benchi likabaki langu peke yangu, wakati mengine akina mama wamebanana kiasi cha kutopumua. Robert alihubiri juu ya Lazaro. Alisema Bwana ana uwezo wa kumrudisha mtu, akanitazama, akaongeza kwamba hata hivyo Lazaro naye baadaye alikufa. Sijui hilo amelisoma wapi.

Chelangat hakuja. Wanasema yuko na mtoto. Wavulana wake walikuja na Chepchirchir, wakaniona, wakataka kunikimbilia, akawashika mikono. Wale ni wangu pia, na hakuna aliyewaitia jina langu, lakini uoga ukishaingia nyumbani haubagui.

Jumamosi, 20 Mei

Mvua ya mawe. Imetoboa majani yote ya shamba la chini. Wachumaji wamelia. Mimi niliangalia kupitia dirishani na sikusikia huruma kwa mtu yeyote.

Alhamisi, 25 Mei

Ondieki amekuja kuomba msamaha, ameleta mkate. "Mama, mimi niliona hivyo tu," alisema. "Mtu amefunikwa mpaka kichwa, mimi nijue aje?" Nilimwambia angejua kwa kuuliza. Akafikiri. Akasema kweli, hilo halikumjia. Nimekula mkate. Huyu angalau ni mpumbavu mchana kweupe, hajifichi nyuma ya desturi wala nyuma ya Biblia.

Ijumaa, 2 Juni

Mtoto halali. Bilhah ameniambia analia usiku kucha, na unene aliokuwa nao umepungua. Mimi nimelea, najua watoto wa umri huo hulia kwa gesi tumboni, kwa joto la mablanketi, kwa mama aliyechoka. Lakini wazee wa kike wameshatoa hukumu. Anavutwa pande mbili.

Chepchirchir alikuja mwenyewe baada ya chakula cha mchana. Hakukaa. Alisimama karibu na mlango na kuzungumza na ukuta uliokuwa nyuma yangu.

"Mama Kipruto, wewe umeishi. Umeona mjukuu wa kiume, umejenga nyumba ya mabati, umesoma. Mtu akishashiba, si mbaya kama anaondoka mezani."

"Unaniambia nife?"

"Mimi? Mungu anisamehe. Mimi nasema tu watu wanachoka."

"Wewe ni mkubwa kwangu. Ondoka mezani wewe kwanza, utuonyeshe njia."

Akafunga mlango kwa nguvu. Nimemchukia mwanamke huyu kwa miaka mingi kwa mambo madogomadogo, chumvi, kuni, maneno ya harusini. Leo nimemchukia kwa jambo kubwa, na ninaona tofauti.

Lakini kabla sijalala lazima niandike lililonichoma. Mtoto analia. Kama kweli angekuwa na nafuu nikiwa sipo? Mimi siamini. Nimewaambia watoto wa shule maisha yangu yote kwamba chafya ni vumbi. Ila nimeamka mara kadhaa usiku huu kusikiliza kama upepo utaniletea kilio chake kutoka kilimani.

Jumapili, 11 Juni

Nimekipanda kilima.

Walikuwa wamekwenda kanisani, na nilijua Chelangat amebaki na mtoto. Nilivuka kijito kwa gogo, nikapanda katikati ya mistari ya chai nikishikilia vichaka. Kila nilipochoka nilisimama nikajifanya naangalia majani, japo hakukuwa na mtu wa kudanganya. Karibu na juu kifua kikaanza. Nikaketi kwenye tope na gauni langu la Jumapili, nikaweka kidonge chini ya ulimi, nikangoja kujua kama nitakufa mara ya pili mbele ya nyumba ya mwanangu na kuwathibitishia wote. Kikapita. Nikainuka.

Nilibisha hodi. Nikasikia komeo likisukumwa, na si kufunguliwa.

"Nani?"

Nilitaka kutaja jina langu, nikakumbuka lina mwenyewe.

"Mama mkwe wako."

"Mama! Umepanda kilima? Daktari si alikataza?"

"Fungua, Chelangat."

"Siwezi."

"Wewe umefika kidato cha nne. Unaamini upuuzi huu?"

Nilimsikia akimtingisha mtoto, na mtoto akiguna. Mara ya kwanza nasikia sauti yake. Ni sauti nzito kwa msichana.

"Sijui kama naamini, Mama. Lakini wewe ukikosea utasema pole. Mimi nikikosea nitazika."

Mimi mgomvi niliinua mkono nibishe tena, nikaushusha.

"Nakupenda, Mama," akasema nyuma ya mbao. "Siku ile walisema umekufa nililia mpaka uchungu ukaniingia, ndio mtoto akaja mapema. Lakini nikiambiwa nichague, nimeshachagua."

Nimemdharau Chelangat tangu harusi yao. Kila nilichosema aliitikia "ndiyo Mama" na kuinamisha macho, na mimi humdharau mtu asiyenijibu. Nilimwita kondoo mbele ya jirani. Leo kondoo huyo alisimama mlangoni kwake akanifungia nje kwenye manyunyu, mimi mgonjwa wa moyo, mama wa mume wake, na nikaona kwamba katika ukoo huu mzima ndiye mtu wa kwanza kufanya jambo kwa sababu zake mwenyewe.

Akapitisha kikombe cha maji ya moto dirishani, kwa mkono tu, uso hakuutoa. Nikanywa chini ya mabati. Mtoto akaanza kulia. Nikamwambia Chelangat amlaze kifudifudi juu ya paja na amsugue mgongo kwa duara. Akafanya. Baada ya muda mtoto akacheua, mcheuo wa mtu mzima, na akanyamaza. Tukakaa hivyo, wao ndani na mimi nje, mpaka Kipruto alipotoka kanisani. Alinibeba mgongoni hadi chini. Sikumsemesha njia nzima, na yeye alilia tena. Mwanangu analia vizuri sana, lakini hajui kufanya jambo lingine lolote.

Jumatatu, 12 Juni

Kitandani. Mvua. Nawaza.

Jumamosi, 17 Juni

Nimemwita Chepchirchir. Alikuja mbio, nafikiri alitumaini nimezidiwa.

Nilimpa kiti, nikampa chai yenye sukari, nikamuuliza kwa upole, kwa ile sauti niliyokuwa nikiwauliza watoto waliokuwa karibu kuchapwa.

"Wifi, yule aliyeangukia kituoni mwezi wa tatu, alikufa au hakufa?"

Akasita. "Watu walimlilia. Mtoto amemkubali. Alikufa."

"Na jina lake?"

"Liko na mtoto."

"Na halitolewi."

"Halitolewi."

"Vizuri. Sasa mimi niliye hapa ni nani?"

Akaikoroga chai iliyokuwa imeshakorogwa.

"Nilifungua macho mahali nisipopajua," nikamwambia. "Sikuweza kuketi. Nililishwa uji kwa kijiko. Nilifundishwa kusimama, nikafundishwa kutembea, wiki nzima niliogeshwa na watu wengine. Mtu wa namna hiyo nyinyi mnamwita nani?"

"Mtoto mchanga," akasema, bila kupenda.

"Basi mimi mtoto mchanga sijapewa jina. Niitieni majina."

"Haijawahi kufanyika hiyo."

"Hata kufa kwa taarifa ya dereva hakujawahi kufanyika."

Alinywa chai yote kabla ya kujibu. Niliona akili yake ilivyokuwa ikifanya kazi, polepole, kama ng'ombe anayepanda lori. Mimi nikipata jina lingine, mwenye jina la kwanza atakuwa ameenda kweli, mtoto atakuwa wake peke yake, hakuna wa kuvutana naye. Desturi imetimia, na hakuna aliyekosea, hasa yeye. Mpe mpumbavu nafasi ya kuwa hakukosea na atakubeba begani.

"Jumamosi ijayo," akasema. "Na Robert asijue."

Jumamosi, 24 Juni

Robert alijua. Alisimama nyuma ya zizi langu mchana wote akiangalia ng'ombe asiye wake, ili aweze kusema hakuwepo.

Tulikuwa jikoni, mlango umefungwa, wanawake wazee watatu na Chepchirchir katikati yao. Chelangat alikuwa chumba cha pili na mtoto. Bilhah hakuruhusiwa, kwa hiyo alikuwa dirishani. Walinikalisha kwenye kigoda, mimi niliyesimama ubaoni miaka thelathini nikiwafundisha watoto wao kuwa jua halizunguki, na Chepchirchir akamimina ugoro kwenye kiganja akaniwekea puani.

Nilikuwa nimeshapanga. Jina nililitaka moja tu. Mama mkwe wangu Tapkigen, mama yake Chepchirchir, alikuwa mwanamke ambaye binti zake walikuwa hawaketi mbele yake bila kuambiwa. Nikiwa Tapkigen, Chepchirchir atanisalimia kwa kuinama maisha yake yote yaliyobaki. Ataniita Mama. Atanichotea maji. Niliwaza hilo wiki nzima na kila nilipoliwaza nililala vizuri.

Lakini sikuufikiria ugoro. Haukuwa ugoro, ulikuwa moto. Chepchirchir akaita Taprandich, na macho yangu yakajaa machozi. Akaita Tabutany, ambaye anajulikana mpaka leo kwa kutia maji kwenye maziwa ya ushirika, na chafya ikanifika kwenye ncha ya pua. Niliuma ulimi. Nilibana pumzi mpaka moyo ukaanza kugonga mbavu kama mtu anayetaka kutoka. Daktari angeniona angelia. Akaita mwingine, na mwingine, ninashikilia kigoda kwa mikono miwili, jasho linatiririka, na bibi mmoja aliyeketi karibu na moto akasema, "Huyu hataki mtu."

Kisha Chepchirchir akasita. Akasema kwa sauti ndogo, "Tapkigen."

Nikapiga chafya. Sikuigiza. Masufuria yaliitikia.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Nilipofuta macho nilimwona Chepchirchir amepiga magoti, mwanamke wa miaka sabini na ushee, ugoro umemwagika kwenye sketi yake. Nilingoja kufurahi. Nilikuwa na maneno tayari, nilikuwa nimechagua hata kazi ya kwanza nitakayomtuma.

"Mama?" akasema.

Alisema kama mtoto aliyepotea sokoni na sasa ameona gauni analolijua. Na mimi, Mungu anisaidie, sikuweza. Maneno yangu yote mazuri yakaniishia. Nikamwambia ainuke, sakafu ni baridi. Akainuka mara moja, akafuta uso, na akasimama pale akisubiri aambiwe aketi. Nikamwambia aketi. Naona nitaifanya kazi hii mpaka nife, na sikuiomba namna hii.

Ndipo Chelangat alipoingia. Hakuuliza mtu kama ameruhusiwa. Akaja moja kwa moja akanitazama usoni kwa muda, akapima anachokipima, akamweka mtoto mapajani mwangu.

"Kogo," akaniambia, yaani bibi, "huyu ndiye Elmina."

Mzito. Ana nywele nyingi na masikio ya Kipruto, maskini. Nililia mbele yao wote, hata mbele ya Bilhah dirishani, na sikujali. Nikamwambia mjukuu wangu, "Karibu."

Elmina alinitazama. Alianza na kitambaa changu cha kichwa, akashuka kwenye pua iliyojaa ugoro, akashuka kwenye machozi, akafika kidevuni. Akakunja uso. Kisha akageuza kichwa ukutani, taratibu, kama nifanyavyo mimi nikishaona vya kutosha.

Basi hapo, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, nikashuku kwamba pengine wale wanawake wapumbavu hawakukosea jina.